Mchakamchaka na Mbio za Kasi katika Kupunguza Mafuta ya Mwili

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika, Mikumi, Wilaya ya Kilosa)



Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi na kufukia madimbwi. Maradhi yaliyopigwa vita wakati ule yalikuwa malaria, kuhara na mengineyo yaletwayo na mbu na maji machafu. Maradhi hayo hayajakwisha. Lakini pamoja nayo yameingia mengine yasiyofukiwa kwa jembe: shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi. Miongoni mwa mambo yanayoyachochea ni mafuta yanayozidi mwilini, hususan yale yanayojikusanya tumboni.

Hapo zamani ilidhaniwa kuwa jambo hili ni la matajiri wa mijini. Takwimu zaonyesha vingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 uliona kwamba wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika utafiti wa 2015–16 walikuwa 28. Kwa sababu hiyo mwezi Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na wananchi wakahimizwa kutoka na kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi.

Wito huo uliitikiwa na wengi, na pamoja na mwitikio yakazuka mabishano. Wapo wasemao kwamba mafuta hupungua kwa mbio za polepole zilizo ndefu. Wapo wasemao kwamba huo ni upotezaji wa wakati, na kwamba dakika chache za mbio kali zatosha. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuzipima pande hizo mbili kwa mizani moja, ili katibu au mwanachama mwenye haja ya kupunguza mafuta ajue la kufanya.

Mwenye haja na asiye na haja

Inafaa ieleweke kwanza kwamba si kila mtu anahusika. Mwanachama aliyelima tangu alfajiri hadi jua la utosi, akabeba magunia na kurudi nyumbani kwa miguu, amekwisha kufanya kazi inayopita mazoezi ya watu wengi. Huyo anahitaji chakula cha kutosha na mapumziko.

Hali ya katibu ni nyingine. Katibu hukaa kitini tangu asubuhi, mbele yake leja, vitabu vya stakabadhi na orodha za malipo. Safari ambayo mtangulizi wake aliifanya kwa miguu au kwa baiskeli, yeye huifanya kwa bodaboda. Mchana hula mahali pa karibu, na Mikumi ni mji wa njiani: mabasi na malori ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia husimama hapo usiku na mchana, na vyakula vya kukaanga havikosekani. Hali kadhalika kwa mtunza ghala, mwenye duka na dereva. Katibu kama huyo akipatwa na kiharusi katikati ya msimu wa ununuzi, hasara haiishii nyumbani kwake. Chama humpoteza mtu aijuaye leja, na malipo ya wakulima huchelewa. Kwa hiyo siha ya mtumishi wa chama ni jambo la chama kizima.

Aina mbili za mbio

Mtu aliyepita katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ameishi karibu na mifano ya mbio za aina zote mbili. Simba hunyemelea, akafyatuka kwa nguvu zake zote, na asipompata mnyama katika masafa mafupi humwacha. Mbwa mwitu hawafanyi hivyo. Wao hushika mwendo mmoja, wakamfuata mnyama masafa marefu mpaka achoke.

Kwa binadamu, mwendo wa mbwa mwitu ndio mchakamchaka. Kila aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, au shule yenye mwalimu mkali wa zamu, anaujua: mwendo wa kukimbia kwa hatua za kadiri, pumzi zikiwa zinatosha kuongea na hata kuitikia kiongozi. Mchakamchaka wa namna hiyo huweza kuchukua dakika 30, 40 au zaidi bila kusimama.

Mwendo wa simba ndio mbio za vipindi. Hapa mtu hukimbia kwa kasi kubwa kwa muda mfupi, kama nusu dakika au dakika moja, hata asiweze kutamka zaidi ya neno moja au mawili. Kisha hutembea au kujikokota mpaka pumzi zirudi, halafu hurudia tena mara kadhaa. Njia hii si mpya. Ilitumiwa sana Ulaya katika miaka ya 1930 na 1940, na Emil Zátopek wa Czechoslovakia alijulikana kwa kurudia mita 400 mara nyingi kwa siku moja. Katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni.

Wakimbiaji wa Tanzania nao wamefanya makubwa katika masafa ya kati na marefu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Ndugu Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1989 Ndugu Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwezi Septemba 2025 Ndugu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Baada ya zaidi ya saa mbili za mwendo wa kudumu, ushindi ulipatikana kwa kuchomoka katika hatua za mwisho, akiwa na muda ule ule na mtu wa pili. Wakimbiaji wa masafa marefu duniani hawabishani juu ya kasi na mchakamchaka. Sehemu kubwa ya mazoezi yao ni mwendo mwepesi, na sehemu ndogo ni kasi. Lakini shabaha yao ni ushindi. Shabaha ya katibu mwenye kitambi ni nyingine, na hesabu yake yapaswa kufanywa peke yake.

Hesabu ya mwili

Mafuta ya mwili ni akiba iliyowekwa ghalani. Chakula ni mapato, na kazi ya mwili ni matumizi. Mapato yakizidi matumizi siku hadi siku, ghala hujaa. Nguvu ya chakula na ya kazi hupimwa kwa kalori, kama vile ufuta upimwavyo kwa kilo.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Mtu anapokimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori zipatazo 350. Akifanya hivyo mara tatu kwa wiki, hutumia 1,050. Kwa hesabu hiyo atahitaji wiki saba na ushee ili kuondoa kilo moja ya mafuta, tena kwa sharti kwamba hakuongeza chakula.

Katika hesabu hiyo yamo mambo mawili ambayo wabishani wengi huyasahau.

La kwanza ni kwamba katika kukimbia, mwili hulipia umbali zaidi kuliko kasi. Kilomita 5 zilizokimbiwa kwa dakika 25 na kilomita 5 zilizokimbiwa kwa dakika 40 hugharimu karibu sawa. Aliyekwenda kasi amemaliza mapema, na hilo ndilo pato lake. Akiutumia wakati uliobaki kukaa kitako, mafuta yaliyopungua hayatapishana sana na ya mwenzake.

La pili ni kwamba mapato ni rahisi kuliko matumizi. Chupa moja ya soda yenye sukari ya mililita 350 ina kalori zipatazo 150, yaani zaidi ya kilomita mbili za mtu wa kilo 70. Ugali wa unga gramu 200, kabla ya kuhesabu mboga, una zaidi ya 700. Mtu akimbiaye nusu saa, kisha akajituza soda na chapati kwa kuwa "ametoka mazoezini", amerudisha ghalani gunia alilolitoa.

Hoja za kila upande

Watetezi wa mchakamchaka husema kwamba katika mwendo wa polepole mwili huchoma mafuta, na katika mwendo wa kasi huchoma sukari. Maneno hayo yana ukweli. Kadiri mwendo unavyopanda, ndivyo misuli inavyotegemea zaidi sukari iliyohifadhiwa humo na katika ini. Lakini hesabu haifungwi mazoezi yanapokwisha. Aliyetumia sukari nyingi asubuhi, mwili wake huelekea kutumia mafuta zaidi katika saa zinazofuata. Kinachohesabiwa mwishoni ni jumla ya siku nzima na ya wiki nzima.

Watetezi wa mbio za kasi nao husema kwamba baada ya mbio kali mwili huendelea kuwaka kwa saa nyingi. Nao wana ukweli. Baada ya kazi nzito mwili hutumia hewa zaidi ya kawaida ili kujirekebisha. Hata hivyo nyongeza hiyo ni ndogo, ni sehemu tu ya yale yaliyotumika katika mbio zenyewe. Haitoshi kumruhusu mtu ale sahani ya pili.

Yaliyoonekana katika uchunguzi

Mwaka 1996 Bwana Izumi Tabata na wenzake huko Japani walitangaza matokeo ya zoezi la baiskeli ya ndani: sekunde 20 za nguvu zote, sekunde 10 za kupumzika, na kurudia hadi mara nane, yaani dakika 4 tu. Siku tano kwa wiki, kwa wiki sita, vijana wale walipata uwezo mkubwa wa pumzi na wa misuli. Tangu hapo dakika nne hizo zimetajwa kila mahali kuwa ni dawa ya kitambi. Lakini kilichopimwa pale kilikuwa uwezo wa kufanya kazi, na hakikuwa mafuta ya mwili.

Mwaka 2008 watafiti wa Sydney, Australia, walitoa uchunguzi uliohusu mafuta yenyewe. Wanawake wapatao 45 waligawanywa katika makundi. Kundi moja liliendesha baiskeli ya ndani kwa dakika 20, sekunde 8 za kasi na sekunde 12 za polepole. Jingine liliendesha kwa mwendo mmoja kwa dakika 40. La tatu halikupewa mazoezi. Baada ya wiki 15, kundi la kasi lilipunguza mafuta kilo 2.5 hivi, na la mwendo mmoja halikupunguza. Habari hii ilienea sana, na wengi wakaona shauri limekwisha.

Lakini shahidi mmoja hafungi kesi. Mwaka 2017 watafiti wengine walikusanya chunguzi 13 za watu wenye uzito uliozidi, ambamo aina mbili za mazoezi zililinganishwa, kwa wastani mara tatu kwa wiki kwa wiki kumi. Waliona kwamba aina zote mbili zilipunguza mafuta na mzunguko wa kiuno, na kwamba tofauti baina yake haikuwa ya kutegemewa. Tofauti ilikuwa katika wakati: mazoezi ya vipindi yalichukua muda pungufu kwa asilimia 40 hivi. Waliona pia kwamba waliokimbia walipata matokeo bora kuliko walioendesha baiskeli, wawe wa kasi au wa mwendo mmoja. Uchunguzi mwingine mkubwa wa mwaka 2019 uliwapa watu wa vipindi ushindi mdogo kwa kilo za mafuta, ingawa kwa asilimia ya mafuta mwilini pande zote mbili zilikuwa karibu sawa.

Kuhusu nguvu za moyo na mapafu, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilitoa mwaka 2016 matokeo ya wanaume waliokuwa hawafanyi mazoezi. Kwa wiki 12, mara tatu kwa wiki, kundi moja liliendesha baiskeli kwa dakika 10 tu, ambamo mlikuwa na sekunde 20 za nguvu zote mara tatu. Kundi jingine liliendesha kwa mwendo wa kadiri dakika 50 kwa jumla. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa pumzi kwa karibu kiasi kile kile. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo ya mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu dakika 75 hadi 150. Yaani dakika moja ya nguvu imehesabiwa sawa na mbili za kadiri.

Hukumu basi ni hii. Kwa mafuta ya mwili, pande hizi mbili zinakaribiana. Mbio za vipindi huokoa wakati, na mchakamchaka huokoa magoti na moyo wa mtu aliyekaa miaka mingi bila kukimbia. Ambaye hupungua ni yule aendeleaye nayo wiki baada ya wiki.

Ushahidi wa Wahadzabe

Ushahidi mwingine wapatikana humu humu nchini. Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wamedumu katika uwindaji na uokotaji wa matunda, mizizi na asali. Mwaka 2012 Bwana Herman Pontzer, mtaalamu wa Kimarekani, na wenzake walitangaza vipimo vya nguvu walizotumia Wahadzabe 30 wanaume na wanawake. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6.

Ilitazamiwa kwamba watu hao wangetumia kalori nyingi mno kuliko wakazi wa miji ya Ulaya na Marekani. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya siku ilikuwa karibu sawa. Yaonyesha kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, kama chama kinavyopunguza posho kinapoongeza gharama za usafiri. Wahadzabe ni wembamba na wenye afya ya moyo, na kutembea kuna sehemu yake katika afya hiyo. Lakini wembamba wenyewe hauelezwi kwa kutembea peke yake. Chakula chao cha uwindaji na uokotaji hakina soda, hakina maandazi, wala hakina mafuta ya kukaangia.

Kwa katibu wa chama funzo ni wazi. Mbio huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu, hurekebisha sukari na husaidia mafuta yasirudi. Lakini kilo zenyewe hupunguzwa kwanza kwenye sahani. Akimbiaye bila kugusa sahani atapata siha, na huenda asipate kiuno. Agusaye sahani bila kukimbia atapata kiuno, na huenda asipate siha. Inafaa yafanywe yote mawili.

Mpango wa wiki kumi na mbili

Mpango ufuatao wafaa kwa mtu mzima aliyekuwa akikaa tu. Hauhitaji vifaa, ila viatu vya raba na uwanja. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mzunguko wa mita 346, kwa hiyo mizunguko mitatu ni zaidi kidogo ya kilomita moja.

Wiki ya 1 hadi ya 4: kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kuanzia wiki ya pili, katika kila dakika tano, dakika moja iwe ya mchakamchaka.

Wiki ya 5 hadi ya 8: mchakamchaka siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, kuanzia dakika 15 hadi kufika 30. Kipimo cha mwendo ni maneno: aweze kuzungumza na mwenzake. Akishindwa, apunguze.

Wiki ya 9 hadi ya 12: siku mbili za mchakamchaka wa dakika 30 hadi 40, na siku moja ya vipindi. Siku ya vipindi ianze na dakika 10 za mwendo mwepesi. Kisha dakika moja ya kasi na dakika mbili za kutembea, mara sita. Mwisho dakika 7 za kutembea. Jumla ni dakika 35. Baada ya wiki ya 12, mwenye shughuli nyingi aweza kufanya vipindi siku mbili. Zaidi ya hapo haina faida kwa mtu wa kawaida, maana misuli na viungo huhitaji siku ya kupona.

Katika sahani, mambo matatu yatosha kwa kuanzia: soda na chai yenye sukari nyingi viachwe, maji yanywewe, ugali au wali upunguzwe robo, na nafasi yake ichukuliwe na mchicha, kisamvu au maharage, na vya kukaanga viwe vya siku moja kwa wiki.

Kuhusu kupima, mizani ile ile itumike, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Mizani ya mazao iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo yaweza kufaa, mradi ionyeshe hata nusu kilo. Kiuno kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani. Mwanamume mwenye kiuno cha zaidi ya sentimita 94 na mwanamke cha zaidi ya 80 wamo katika hatari iliyoongezeka. Wakipita 102 na 88, hatari ni kubwa.

Tahadhari

Hapana budi mtu aliyevuka miaka 40 bila mazoezi, mwenye shinikizo la damu, kisukari, maumivu ya kifua au kizunguzungu, apimwe kwanza katika kituo cha afya. Mbio za kasi zimkute moyo umekwisha kuandaliwa na wiki nane za kutembea na mchakamchaka. Anayebanwa na kifua akiwa anakimbia asimame mara moja na kutafuta matibabu.

Wapo wanaovaa makoti mazito au mifuko ya nailoni ili watoke jasho jingi, wakidhani jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji. Lita moja iliyotoka ni kilo moja kwenye mizani, nayo hurudi kwa bilauri chache. Katika joto la uwanda wa Mikumi, kuvaa hivyo ni kuhatarisha uhai. Wakati ufaao ni asubuhi baada ya kupambazuka, au jioni jua likishapoa.

Barabara kuu si uwanja wa mazoezi. Malori hupita kwa mfululizo, na dereva aliyesafiri usiku kucha si wa kutegemewa kumwona mkimbiaji wa alfajiri. Fauka ya hayo, barabara hiyo hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilomita 50, na tembo, nyati na simba hawatambui mpaka uliochorwa kwenye ramani. Mkimbiaji wa Mikumi abaki katika uwanja wa shule au njia za ndani ya mji, kukiwa na mwanga, na asiwe peke yake.

Wajibu wa chama

Ushirika una faida moja ambayo mtu mmoja mmoja hana: unajua kukutana kwa siku iliyopangwa na kuandika yaliyofanyika. Chama kinaweza kuteua siku mbili za wiki kwa mchakamchaka wa pamoja, wanawake kwa wanaume, kila mmoja kwa uwezo wake. Kinaweza kumwomba mganga wa kituo cha karibu aje siku ya mkutano mkuu kupima shinikizo la damu na sukari. Katika mikutano yenyewe, kinaweza kuandaa maji, matunda na karanga za kuchemsha badala ya kreti za soda. Gharama itapungua, na wajumbe watarudi nyumbani wakiwa wazima zaidi.

Anayetaka kujiwekea kumbukumbu aandike katika daftari yake mwenyewe safu nne: tarehe, dakika alizokimbia, uzito na kiuno. Daftari hiyo ni siri yake, wala haipasi kusomwa mkutanoni, maana mwili wa mtu si mali ya hadhara, na kumcheka mnene hakujapata kumpunguza. Mwisho wa wiki ya 12 aifunge hesabu kama afungavyo leja ya msimu. Ikiwa kiuno kimepungua sentimita mbili au tatu na pumzi hazimwishi akipanda kilima, kazi imezaa matunda. Ikiwa pumzi zimeongezeka na kiuno hakikupungua, asibadilishe mbio. Abadilishe sahani.